UZI: Bei za sarafu adimu tangu miaka ya 1970 hadi leo, na kwa nini rupia ya babu haina bei unayotajiwa Kariakoo

MjukuuWaReli

Wakuu, salaam kwenu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nasubiri fundi amalize kubadili kioo cha simu. Kijana mmoja akanivuta pembeni, akafungua leso. Ndani mlikuwa na sarafu tatu. Akachagua iliyo kubwa kuliko zote, akaishika kwa ncha za vidole kama ameshika yai bichi, akasema: "Mzee, hii ni ya mwaka 1780. Bei yake milioni arobaini, lakini kwako tunaongea."

Nikaipokea. Upande mmoja mama mnene mwenye mtandio, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Nikajua hapo hapo: riale ya Maria Theresa, ile wazee wetu wa pwani walioihesabia mahari na karafuu. Nikamweleza taratibu, bila kumdharau, kwamba malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na kwa kuwa Waarabu na Wahabeshi walishaizoea sura yake na hawakutaka nyingine, riale iliendelea kupigwa na mwaka ule ule juu yake. Imepigwa Vienna, London, Bombay, Roma na kwingineko, mpaka karne iliyopita. Hata ikipigwa leo itaandikwa 1780. Bei yake ni fedha iliyomo ndani, basi.

Akafunga leso, akaondoka. Aliniona dalali mwingine anayetaka kumshusha bei ili akauze mwenyewe.

Jambo hilo limenikaa moyoni. Nimekusanya sarafu tangu nikiwa kijana, babu alikuwa karani wa reli Tabora na aliniachia kopo la maziwa limejaa vitu hivi. Nimeona watu wakiuza mali ya maana kwa bei ya nyanya, na wengine wakinyimana usingizi kwa kitu kisichofika laki moja. Naandika yote ninayoyajua kuhusu bei hizi zilivyopanda na kushuka. Uzi utakuwa mrefu, vumilieni.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Bei ya kutajwa si bei. Bei ni ile ambayo mtu mmoja alitoa mfukoni mwake, mwingine akapokea, na ikaandikwa. Mkilishika hilo, mengine yote ni maelezo.

Tuanze na riale yenyewe. Ina gramu 28 na ushee, na fedha safi ndani yake ni gramu 23.39, yaani robo tatu ya wakia. Januari 1980 fedha ilifika karibu dola 50 kwa wakia. Riale moja ikawa na fedha ya dola 37 hivi. Waliosababisha ni ndugu wawili matajiri wa mafuta kule Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, waliokuwa wananunua fedha kama wanataka kuimaliza duniani. Machi mwaka huo huo mambo yakawaporomokea. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990, fedha ilikuwa chini ya dola 4. Riale ile ile, mama yule yule mwenye mtandio, sasa dola tatu. Mwaka 2011 ikapanda tena kukaribia dola 50 kwa wakia, ikashuka, na Oktoba 2025 ikavuka 50.

Sasa mtu aliyenunua riale Januari 1980 na kuishikilia ameirudishia bei yake ya dola baada ya miaka zaidi ya 40. Na dola yenyewe katika miaka hiyo imepoteza nguvu. Hapo ndipo hadithi ya "kitu cha kale hupanda bei tu" inapovunjika mguu.

Na sisi tuna mtego wetu wa ziada, shilingi. Mwaka 1966 dola moja ilikuwa Sh 7.14. Leo ni kama 2,500. Ukipiga hesabu kwa shilingi, hata mfagio umepanda bei maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo humu nitapiga hesabu kwa dola, si kwa kuipenda bali kwa sababu minada mikubwa inahesabiwa huko.

Naendelea baadaye, niko kwenye daladala.

SonaraKisutu

Mkuu umeanza vizuri, naomba niongeze upande wetu wa dukani.

Marehemu baba alinisimulia kuhusu mwaka ule wa 1980. Watu walileta riale, rupia za Mjerumani, rupia za Kihindi zenye picha ya Malkia Victoria, na hakuna aliyeuliza mwaka wala sura. Zilipimwa kwenye mizani, zikaingia kwenye chungu, zikatoka bangili na mikufu. Mimi mwenyewe nimeyeyusha nyingi nikiwa mwanafunzi wake kabla sijajua. Zilizobaki leo zimebaki kwa sababu bibi fulani alizifunga kwenye upindo wa kanga akazisahau.

Ndiyo maana nasema fedha ikipanda sana, sarafu adimu huzidi kuwa adimu. Chungu hakichagui.

BintiWaIlala

Shikamoo MjukuuWaReli. Naomba kuuliza kabla hujaendelea. Nyumbani tuna shilingi za mwaka 1966, zile zenye Mwalimu upande mmoja na mwenge upande wa pili, kama ishirini hivi. Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema moja ni milioni mbili.

MjukuuWaReli

Marahaba binti. Huyo ametaja bei. Mwambie akuoneshe aliyelipa.

Zile ni sarafu za kwanza za Tanzania baada ya kuachana na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi yenye mwenge. Zilipigwa kwa mamilioni maana zilikuwa za kununulia sukari na chumvi nchi nzima. Iliyopita mikononi miaka ishirini ikalainika mpaka nywele za Mwalimu hazionekani, ni kumbukumbu nzuri na si mali ya mnadani. Ikiwa mpya kabisa, haijawahi kuingia mfukoni, mkusanyaji atatoa kitu, lakini ni kitu kidogo. Zitunze, wajukuu watakushukuru.

Ila kuna sarafu ya Tanzania ambayo wengi hawajawahi kuiona, na ndiyo inayonifundisha kuliko zote. Mwaka 1974, katika mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori, zilitolewa tatu: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye kifaru, zote za fedha, na shilingi 1,500 yenye duma, ya dhahabu. Hiyo ya duma ina gramu 33.437 na dhahabu yake ni asilimia 90, kwa hiyo dhahabu safi ni gramu 30 kamili na chembe.

Piga hesabu. Wakati ule shilingi 1,500 ilikuwa dola 210 hivi. Leo sarafu tatu za mia tano hazitoshi sahani ya chipsi mayai hapa Ilala. Lakini dhahabu iliyomo kwenye duma yule, dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, ilikuwa na thamani inayokaribia dola 3,900. Maandishi ya Sh 1,500 juu yake yako pale pale. Nimewahi kuishika moja, ya mzee mmoja wa Upanga. Ni nzito kuliko macho yanavyotarajia, na duma ameangalia mbele kama anasikiliza kitu. Niliirudisha haraka, mkono ulikuwa unatoka jasho.

Lakini hata hiyo haikupanda kwa ngazi iliyonyooka. Dhahabu ilikuwa dola 850 Januari 1980. Mwaka 1999 ilishuka hadi 250 na ushee. Aliyenunua kwenye kilele alikaa zaidi ya miaka ishirini na tano akisubiri kuiona tena ile 850.

MkaziWaSinza

Mkuu hiyo yote ni bei ya chuma tu, dhahabu na fedha. Nimesikia kuna sarafu zinauzwa mamilioni ya dola. Hizo nazo ni uongo?

MjukuuWaReli

Hizo ni kweli kabisa, na zimeandikwa. Nakuletea moja ambayo inatuhusu sisi watu wa pwani kuliko watu wanavyojua.

Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat, yule yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuhimiza mikarafuu. Mjumbe wao aliitwa Edmund Roberts. Ili kuwapa watawala wa Mashariki zawadi za heshima, kiwanda chao cha sarafu kikapiga mwaka 1834 dola za fedha chache sana, zikaandikwa mwaka 1804. Roberts alizipeleka mwaka 1835. Za kundi hilo la kwanza zinajulikana nane tu duniani.

Mojawapo inaaminika ndiyo aliyopewa Seyyid Said. Fuatilieni bei yake. Mwaka 1917 iliuzwa mnadani London kwa pauni 330. Mwaka 1999 ikauzwa Marekani kwa dola milioni 4.14, na wakati huo hakuna sarafu iliyokuwa imewahi kufika bei hiyo mnadani. Mwaka 2016 ikarudi mnadani, watu wakapanda wakapita dola milioni 10, lakini mwenyewe alikuwa amejiwekea kiwango cha juu zaidi. Haikuuzwa. Mwaka 2021 ikauzwa kwa dola milioni 7.68.

Mnaona? Milioni kumi ilitajwa ukumbini mbele ya watu wenye hela za kweli. Miaka mitano baadaye iliyolipwa ni saba na ushee. Kama inawatokea matajiri wa New York, kijana wangu wa Mtaa wa Kongo afanyeje?

Nyingine ni dola 20 ya dhahabu ya mwaka 1933. Zilipigwa 445,500, lakini mwaka ule Rais Roosevelt alikuwa ameagiza wananchi warudishe dhahabu serikalini, zikayeyushwa kabla hazijatolewa. Chache zilitoroka. Moja ilikuwa mikononi mwa Mfalme Farouk wa Misri. Mwaka 1996 mfanyabiashara Mwingereza alikamatwa nayo hotelini New York, kesi ikaenda miaka, mwisho wakakubaliana iuzwe wagawane na serikali. Ikauzwa mwaka 2002 kwa dola milioni 7.59, na mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Kilichoifanya ifike huko ni kwamba ndiyo peke yake ambayo mtu binafsi anaruhusiwa kisheria kuimiliki.

Lakini usidhani hizi kubwa hazishuki. Senti tano ya Marekani ya mwaka 1913 yenye kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru, ziko tano tu. Moja ilikuwa sarafu ya kwanza kuvuka dola milioni moja mnadani, mwaka 1996, kwa 1,485,000. Mwaka 2001 ikafika milioni 1.84, mwaka 2007 milioni 5. Mwaka 2018 ikauzwa kwa milioni 4.56. Tajiri wa mwaka 2007 alikuwa amelipa zaidi.

Hiyo ya 1913 ina kisa kingine kinachofanana na vya kwetu. Miaka ya 1930, wakati uchumi wao ulipoanguka, muuza sarafu mmoja wa Texas aitwaye B. Max Mehl alitangaza kwenye magazeti nchi nzima kwamba atatoa dola 50 kwa atakayemletea. Watu wakawa wanakagua chenji zao kila siku. Hakuna aliyeipata, maana zote tano zilikuwa zinajulikana zilipo. Alichopata yeye ni wanunuzi wa vitabu vyake vya bei.

KijanaWaBuguruni

Wazee naomba msaada, hili la kutangaza limenigusa. Mjomba wangu yuko Mbagala. Kuna watu wanamwambia wana mnunuzi wa rupia ya Mjerumani "yenye nguvu", inavuta mchele na inazima simu. Wanasema ikifaulu kipimo ni bilioni mbili. Lakini kwanza atoe laki nane ya mtaalamu wa kupima. Ameshauza pikipiki.

SonaraKisutu

Mdogo wangu, mwambie mjomba asitoe hata mia. Nimefanya kazi hii tangu utotoni, nimeshika rupia za Mjerumani mamia. Fedha haivuti mchele. Haivuti hata sindano, sumaku hainati kwenye fedha. Hao wanatafuta hiyo laki nane, rupia haimo kwenye mpango wao.

MjukuuWaReli

KijanaWaBuguruni, nenda leo, usingoje kesho. Mpeleke mjomba kwa mtu anayemheshimu, imamu au mchungaji au mjumbe, aambiwe mbele ya familia. Na hao watu waripotiwe polisi.

Mwambie rupia ni nini. Rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kupigwa 1890, ina Kaizari Wilhelm wa pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu. Uzito gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Ilikuwa pesa 64 kwa rupia moja, halafu mwaka 1904 wakabadilisha ikawa heller 100. Neno letu "hela" limetoka hapo. Ilikuwa pesa ya kulipia kodi ya kibanda na posho ya vibarua wa reli. Nguvu iliyokuwa nayo ni hiyo.

Rupia ya kawaida iliyochakaa ni bei ya fedha na nyongeza kidogo. Ikiwa safi sana, zaidi. Iliyo adimu kweli kwenye ukoo huo ni rupia mbili, za mwaka 1893 na 1894, kubwa, kama kifuniko cha chupa ya dawa.

Na hapa naomba niseme la kwetu, linaniuma mpaka leo. Kwenye kopo la babu rupia mbili ilikuwemo. Ya 1893. Ilikuwa nyeusi, ule weusi wenye rangi ya buluu na zambarau kwa mbali ukiigeuza kwenye mwanga. Miaka ya tisini nilipata mnunuzi wa nje kwa barua, tukakubaliana bei nzuri kwa picha. Shangazi yangu, kwa mapenzi tu, akaona mwanawe anampelekea mgeni kitu kichafu. Akaisugua kwa ndimu na majivu, usiku kucha. Asubuhi nikakuta inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikamtumia yule bwana picha mpya. Alijibu kwa upole sana. Alitoa robo ya tulichokubaliana.

Sikumwambia shangazi. Alikuwa amefurahi mno.

Wakusanyaji wanataka ngozi ya asili ya sarafu. Ukikwangua umeondoa tabaka ambalo halirudi, na chini ya lenzi mikwaruzo inaonekana yote inaelekea upande mmoja. Tangu mwaka 1986 kuna kampuni Marekani zinazopima sarafu na kuipa daraja kati ya 1 na 70, kisha zinaifungia kwenye kasha la plastiki. Tofauti ya daraja moja huko juu inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Iliyosafishwa hainyimwi jina, inanyimwa daraja.

MkaziWaSinza

Sasa nakuelewa. Lakini kama kuna daraja na kasha, si mtu anaweza kununua na kuweka kama kiwanja?

MjukuuWaReli

Waliwaza hivyo hivyo. Makasha yalipokuja, matajiri wa mjini New York wakaona sarafu zimekuwa kama hisa: unanunua bila kuiona, daraja limeandikwa. Kampuni kubwa za uwekezaji zikaanzisha mifuko ya kununua sarafu. Bei zikapaa mwaka 1989. Mwaka 1990 wanunuzi wakaisha, kila mtu anataka kuuza, bei zikaanguka vibaya. Kuna sarafu za madaraja yale ambazo mpaka leo hazijarudi zilipokuwa.

Walioumia wengi ni walionunua zile zilizo nyingi katika daraja la juu. Zilizo chache kabisa zilipata wanunuzi tena. Na kiwanja angalau unalima mchicha ukisubiri. Mimi sikuzuii, lakini nunua kile utakachofurahi kukitazama hata kisipouzika.

MpembaDar

Assalaam alaykum. Nina swali dogo. Nina senti kumi yenye tundu, ya 1936, imeandikwa EDWARDVS VIII. Nimesoma huyu mfalme hakutawala hata mwaka, na sarafu yake moja iliuzwa Uingereza pauni milioni.

MjukuuWaReli

Waalaykum salaam. Ni kweli, pauni ya dhahabu ya mwaka 1937 yenye sura ya Edward wa nane, mwaka 2020 ililipiwa pauni milioni moja. Alijiuzulu Desemba 1936 kabla sarafu zake za Uingereza hazijatolewa, zikabaki za majaribio tu.

Yako ni habari nyingine. Sarafu zetu za senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na nafasi ya sura. Jina tu. Kwa hiyo hawakuhitaji kusubiri mfalme achorwe picha yake, wakazipiga 1936 kwa mamilioni, zikaletwa Mombasa, Dar na Kampala, zikatungwa kwenye kamba kama samaki. Ndiyo maana mfalme ambaye Waingereza hawakuwahi kumshika mfukoni, bibi zetu walinunulia vitumbua kwa jina lake. Bei yake ni dola chache. Lakini mimi nina tatu na siuzi.

Na wenye shilingi ya simba, ile ya Bodi: msidanganywe kwamba ni fedha tupu. Zilizopigwa kabla ya 1948 fedha ni robo tu, hazifiki gramu mbili, na za 1948 kuendelea hazina fedha kabisa.

Mwalimu_Kilwa

Naomba nionye jambo moja kwa wenzetu wa Lindi na Mafia mnaosoma. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zenye maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa vina, si za kuchimba na kuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya umri huo, na kuchimba au kusafirisha nje kunahitaji kibali. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ukiokota, acha pale pale ilipo na toa taarifa. Ikishang'olewa kwenye udongo wake, habari iliyokuwa inaisema imekwisha, na hakuna bei inayoirudisha.

MjukuuWaReli

Mwalimu ahsante, hilo liandikwe kwa wino mzito.

BintiWaIlala

Mzee, samahani, narudi tena. Nimemsomea bibi uzi huu mpaka hapo pa Tabora. Akanyamaza, akaenda chumbani, akarudi na kidani chake. Ni cha dhahabu, kina tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, chini 1916. Kimechomelewa kipete juu cha kupitishia mkufu. Alipewa na baba yake. Amekivaa harusi zote za ukoo. Ni kitu?

MjukuuWaReli

Binti, kaa chini.

Hiyo, kama ni ya kweli, ni rupia 15 ya Tabora. Mwaka 1916 Mjerumani alikuwa amezingirwa, meli hazifiki, hana hela ya kulipa. Dhahabu ikachukuliwa mgodi wa Sekenke, sarafu zikapigwa Tabora kwa mitambo ya reli, kazi iliyomalizika kabla Wabelgiji hawajaingia mjini tarehe 19 Septemba. Zote kwa jumla ni 16,198. Gramu 7.168, dhahabu asilimia 75.

Upande wa tai, tazama pambo la kulia chini ya neno OSTAFRIKA. Linaishia chini ya herufi T au chini ya A ya kwanza? Kuna mihuri miwili, mmoja ulipiga 9,803 na mwingine 6,395. Wakusanyaji wanazitenganisha.

Bei. Dhahabu iliyomo ni gramu 5.4 hivi. Wakati dhahabu ilikuwa dola 35 kwa wakia, hiyo ni dola 6. Kwa dola 4,000 ni karibu dola 690. Lakini wakusanyaji, Wajerumani hasa, wanalipa maelfu ya dola kwa iliyo nzima. Ya bibi imechomelewa, na hiyo inapunguza sana, siwezi kukudanganya. Itabaki juu ya bei ya dhahabu yake, lakini haitafika bei ya iliyo nzima. Na feki zake zipo nyingi, usiamini mpaka ipimwe.

Msikitoe hicho kipete. Mkikikwangua kovu linabaki na mtapoteza mara mbili.

BintiWaIlala

Pambo linaishia chini ya A. Bibi anasema hauzi, anataka tu kujua baba yake alimpa nini.

SonaraKisutu

Mleteni Jumamosi baada ya alasiri, dada. Nitakipima bure, kwa mizani na kwa maji, bila kukikwangua. Kifungeni kwenye pamba, msikisafishe, na bibi asipande daladala nacho shingoni. Mzee MjukuuWaReli na wewe uje na lenzi yako.

MjukuuWaReli

Nakuja. Nitaleta na kopo la babu.